Sura ya Tano: Maua ya Bi Castanier

Inspekta Anselme Rouvière alikuwa kwenye foleni ya duka la keki, akiwaza kama mama mkwe wake angependa keki ya tufaha au ya malai, askari wa zamu alipoingia akihema.

"Afande, unatakiwa jumba la maigizo. Bi Castanier haonekani."

"Haonekani tangu lini?"

"Tangu asubuhi hii. Na chumbani kwake kuna damu."

Mwenye duka akaacha kufunga keki. Foleni nzima ikageuka. Mjini Valbreuse hakuna aliyehitaji kuuliza Bi Castanier ni nani. Kwa miaka thelathini Apolline Castanier alikuwa ameolewa, amesalitiwa na amekufa juu ya jukwaa lile lile, na watu walimsalimia sokoni kama shangazi yao.

"Si leo ndiyo mchezo mpya?" mwanamke mmoja aliuliza. "Mimi nina tiketi!"

"Nenda na tiketi yako, mama," Rouvière akamjibu, akatoka mikono mitupu.

Theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri na ndiyo kwanza ilikuwa imekatika. Njiani askari alimweleza yaliyobaki. Pazia lingefunguliwa saa tisa alasiri. Madiwani wote walikuwa wamealikwa, na kesho yake, Jumatatu, walikuwa na kura ya kupiga: jumba libaki la maigizo, au liuzwe kwa tajiri mmoja wa sinema aliyekwisha kuja kupima kuta.

"Kwa hiyo leo mchezo ukiharibika," Rouvière alisema, "kesho jumba halipo."

"Ndivyo wanavyosema, afande."

Kwenye mlango wa nyuma, ule wa waigizaji, walimkuta mkurugenzi, Ghislain Marchadier, mtu mrefu mwenye skafu ndefu zaidi, aliyekuja kutoka Paris miaka miwili nyuma na bado alikuwa akiutazama mji kama mgeni aliyekosea treni.

"Mkamateni Baptistin!" alisema kabla ya salamu. "Yule fundi wa jukwaa. Nimemsikia kwa masikio yangu akimfokea Apolline chumbani: 'Sikubali! Siwezi!' Kisha Mzee Évariste wa mlangoni kamwona akitoka na sanduku kwenye mkokoteni. Sanduku kubwa, Inspekta. Mtu anaenea."

"Umeliona wewe?"

"Nimeambiwa."

"Basi askari wangu atamfuata Baptistin. Sisi twende chumbani."

Chumba cha kuvalia cha Bi Castanier kilikuwa ghorofa ya kwanza, mwisho wa ushoroba. Kioo cha meza ya kujipambia kilikuwa kimepasuka katikati, na brashi ya nywele ilikuwa imelala chini ya vipande vyake. Kwenye sinki palikuwa na damu iliyochanganyika na maji, si nyingi. Rouvière aliinama akatazama chini ya kiti, akatazama nyuma ya mlango, kisha akafungua kabati. Mwishoni akaokota shada la maua lililokuwa limetupwa pembeni na kukanyagwa.

Yalikuwa maua ya karnesheni, mekundu. Aliyanusa. Yalinukia karafuu kwa mbali. Kwenye utepe palikuwa na kikadi kilichochapwa jina la Marchadier.

"Bwana Mkurugenzi, kwa nini umemfukuza kazi siku kama ya leo?"

Marchadier akamkodolea macho. "Nani kamfukuza nani?"

"Mama yangu alikuwa akionyesha watu viti humu ndani tangu nikiwa sijaota meno. Mwaka wa kazi ukiisha, mkurugenzi humpelekea mwigizaji mawaridi akimtaka abaki. Akiwa hamtaki tena, humpelekea karnesheni. Ndiyo maana hakuna mwigizaji Mfaransa anayeweza kuvumilia karnesheni chumbani kwake. Au Paris mmesahau?"

"Sijasahau!" Sauti ya Marchadier ilipanda. "Ningempelekea karnesheni Apolline? Bora ningempelekea nyoka. Nilimwagizia mawaridi! Meupe! Nenda duka la maua la pale uwanjani ukaulize, nilichagua moja moja mwenyewe. Bila Apolline sina mchezo."

Rouvière alimtazama kwa muda. Mikono ya mkurugenzi ilikuwa laini na safi kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Nitauliza," alisema. "Ila jambo moja nakwambia sasa hivi, ili upumue. Hakutoka kwenye sanduku wala kwa miguu yake. Koti lake liko nyuma ya mlango. Buti zake ziko chini ya kiti, na ni kavu. Nje theluji inafika kwenye vifundo. Mwanamke wa miaka sitini na mbili haendi mjini na ndara za hariri."

"Na sanduku?"

"Mfu hahitaji magauni. Kabati liko tupu. Muuaji gani anambeba maiti pamoja na nguo zake zote?"

Mlangoni, Mzee Évariste alikuwa amekaa karibu na jiko lake la makaa, koleo la theluji likiwa limeegemezwa ukutani. Alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa na kuongeza mawili.

"Maua yaliletwa?"

"Yaliletwa na mama mwenye duka mwenyewe, yamefungwa karatasi. Nikayaweka pale kwenye rafu. Na akanisimulia habari za goti lake, goti la kushoto."

"Uliyaona ni maua gani?"

"Karatasi, nimekwambia. Mimi nimeona karatasi."

"Ukampelekea Bi Castanier?"

"Nilikuwa nazoa theluji, bwana. Niliporudi hayakuwapo, nikajua mtu kayapandisha."

"Na tangu yaletwe, nani kaingia kutoka nje?"

"Hakuna. Nilikuwa hapo hapo nje na koleo langu, ningemwona. Katoka Baptistin tu, na mkokoteni, uso umekunjamana kama mtu aliyemeza limau."

"Ndani walikuwa akina nani?"

Mzee Évariste alihesabu kwa vidole. Mkurugenzi. Bi Castanier. Ludivine, binti anayejifunza nafasi zote za wanawake endapo mmoja ataugua. Mama Honorine, mvalishaji. Baptistin. Waigizaji wengine walikuwa bado kanisani, "au kitandani, Mungu awasamehe."

"Kuna aliyeingia na maua asubuhi, kabla ya hapo?"

"Leo Jumapili! Soko liko mbele ya kanisa. Kila mtu kaingia na kikapu. Nikiwafunulia vikapu watasema Évariste anataka soseji."

Rouvière akasimama karibu na rafu. Juu ya mbao palikuwa na jani moja la kijani, dogo, lenye meno meno pembeni. Aliliweka kwenye kiberiti chake. Jani la karnesheni ni jembamba kama la nyasi. Hili lilikuwa la mwaridi. Mkurugenzi alikuwa amesema kweli. Mtu aliyekuwa ndani ndiye aliyeyafungua maua pale pale, akakinyofoa kikadi na kukifunga kwenye karnesheni alizokuwa amekuja nazo.

Aliyefaidika alikuwa mmoja tu. Rouvière alimkuta Ludivine ameketi kwenye ngazi za nyuma ya jukwaa, ndoo katikati ya magoti, rangi ya uso wake kama unga.

"Bi Castanier asipopatikana, wewe ndiye utacheza?"

"Ndiyo." Aliinamia ndoo, akasubiri, akainuka. "Samahani. Nimetapika tangu waniambie."

"Si ndiyo bahati kila msichana wa umri wako anayoiomba?"

"Mwakani, bwana! Si leo, mbele ya madiwani, na maneno nusu siyajui! Mkurugenzi anadhani nayajua. Usimwambie." Akamshika mkono wa koti. "Mtafuteni, tafadhali. Nitawapikia nyinyi kituo kizima."

Viganja vyake vilitoka jasho. Havikuwa na alama yoyote. Rouvière alimpa leso yake akaendelea.

Askari alikuwa amerudi na Baptistin, mtu wa mabega mapana aliyekuwa baharia hadi vita vilipozamisha meli yake. Alisimama katikati ya jukwaa tupu, mikono mfukoni, akitazama juu kwenye giza la mapazia yaliyoning'inia.

"Sanduku liko wapi?"

"Stesheni. Chumba cha mizigo. Kafungue."

"Nimeshafungua, afande," askari alisema. "Magauni, viatu, picha za zamani."

"Na Bi Castanier yuko wapi?"

Baptistin akarudisha macho kwenye mapazia.

"Baptistin, mkurugenzi anataka nikufunge kamba niku—"

"Usiseme!" Baptistin akaruka kama aliyechomwa. "Humu ndani hatulitaji neno hilo. Sema waya, sema uzi, sema chochote. Umelitaja siku ya mchezo mpya! Toka nje, zunguka, urudi."

"Nina haraka."

"Basi faini yake ni kutunywesha mvinyo sote."

"Nitawanywesha. Sasa niambie."

Fundi akatoa mikono mfukoni, migumu lakini bila mkwaruzo, akasugua kidevu. Kwa mara ya kwanza alimtazama Rouvière machoni. "Niliapa nisiseme mpaka treni ya jioni ipite. Aliniita, akaniambia, 'Baptistin, wamenipa karnesheni, chukua vitu vyangu.' Nikamwambia sikubali, siwezi, ni uwongo, nitakwenda kumng'oa huyo Mparisi meno. Akasema nikimpenda nitabeba sanduku na kufunga mdomo. Ningefanyaje? Nikabeba."

"Alilia?"

"Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Nimewahi kumwona akilia kwa sababu ya kitufe cha gauni. Leo, macho makavu. Mkono unatoka damu, ameufunga leso, hata hausikii." Sauti yake ikashuka. "Akasema, 'Tangulia. Mimi kuna mahali nataka nikae kidogo.' Nimetafuta chini ya jukwaa kote kabla ya kwenda stesheni. Hayupo."

"Kwa hiyo yumo humu, na ana jeraha linalovuja," Rouvière alisema. "Askari, chukua tochi. Kagua ngazi zote, mikono ya ngazi hasa. Mtu aliyejikata kiganja hushika anapopanda. Wewe Baptistin nenda naye, unazijua njia."

"Sijakamatwa?"

"Nani atafungua pazia nikikukamata?"

Saa ya ukumbini ilikuwa imepita sita mchana. Walibaki wawili aliokuwa hajawaona mikono: mmoja hakujulikana alipo, wa pili alikuwa chumba cha mavazi, chini ya dirisha, akishona ukosi wa gauni ambalo huenda lisingevaliwa na mtu.

Honorine Bréchet alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, pini zimejaa kifuani kama medali. Hakuinua macho.

"Karibu, Bwana Anselme. Namkumbuka mama yako. Alikuwa akiniibia peremende."

"Alisema wewe ndiye uliyekuwa ukimwibia."

"Labda." Sindano iliendelea.

"Umemhudumia Bi Castanier miaka mingi, Mama Honorine."

"Tangu kiuno chake kikiwa hivi." Akaonyesha kwa mikono miwili. Rouvière akaitazama mikono ile.

"Umeumia."

"Sindano. Kazi yetu."

"Sindano hutoboa. Huacha kitone." Akavuta kigoda akaketi mbele yake. "Hiyo mistari mirefu kwenye kidole na kwenye kiganja imechanwa, na imechanwa leo. Karnesheni hazina miiba, mama. Mawaridi ndiyo yenye miiba."

Sindano ikasimama. Nje, mtu alikuwa akisukuma theluji kutoka kwenye paa, ikaanguka uani kwa kishindo. Rouvière hakumsubiri ajibu. Alisimama, akapita katikati ya safu za makoti ya wafalme na aproni za watumishi, akinusa. Nyuma kabisa, chini ya sketi pana ya mahameli, palikuwa na ndoo ya zimamoto. Ndani yake mlikuwa na mawaridi meupe, mabua yamekatwa vizuri kwa upande, yametiwa maji safi.

Alirudi na ndoo, akaiweka chini kati yao.

"Hapa ndipo nilipokwama," alisema. "Mtu mwenye chuki angeyatupa jikoni motoni. Huyu kayakata mabua, kayatilia maji. Sasa niambie wewe. Adui gani anafanya hivyo?"

Honorine aliweka gauni pembeni, taratibu, asije akalikunja.

"Yalikuwa mazuri," alisema. "Na yalikuwa yake."

"Kwa nini?"

"Anasahau." Alisema kwa sauti ndogo, kama anayemtaja mgonjwa aliye chumba cha pili. "Mwanzo jina la mtu mmoja. Kisha mstari. Alhamisi, kwenye mazoezi, alisimama katikati ya maneno yake marefu, akanyamaza. Mimi nilikuwa pembeni nikamwona macho. Hakujua yuko wapi. Na yule Marchadier akapiga makofi! Akasema kimya kile ni kizuri, abaki nacho!" Akacheka bila furaha. "Mimi nimeona mwigizaji akisahau mbele ya watu, Bwana Anselme. Nilikuwa msichana. Alikuwa mzee anayeheshimika. Walicheka kwanza. Kisha wakapiga miluzi. Kisha wakarusha vitu. Hakutoka nyumbani tena mpaka wakamtoa kwa jeneza. Nikasema Apolline wangu, hapana. Bora akasirike. Bora aondoke na kichwa juu, amchukie mkurugenzi, awe hai."

"Hukuweza kumwambia?"

"Nimwambie mimi? Nimfunge vifungo vya mgongoni huku namwambia akili yako inapungua, mama?"

"Na Baptistin ungemwacha afungwe?"

Uso wake ukaiva. "Nilikuwa nakuja kusema."

"Ulikuwa unashona."

"Nilikuwa nakuja," alirudia, na machozi yakamtoka yote kwa pamoja. "Sikujua angevunja kioo. Sikujua angejificha. Nilidhani angepiga kelele kama siku zote, ampige mtu kofi, apande treni. Mtafute, mwanangu. Mtafute kwanza, kisha unipeleke unakotaka."

Hapo sauti ya Baptistin ilisikika ikitoka juu, mbali, juu ya ngazi zote. Kwa kuwa miluzi ni mwiko jumbani, alikuwa akiita kama baharia aliyeona nchi kavu. "Damu! Huku! Ngazi ya peponi!"

Peponi ndiko walikokuita watu wa Valbreuse kule kwenye viti vya bei ya chini kabisa, madawati ya mbao chini ya dari, ambako malaika waliochorwa unaweza kuwagusa vidole vya miguu. Rouvière alipanda mbiombio. Honorine, na unene wake, hakuachwa nyuma sana.

Bi Castanier alikuwa ameketi dawati la mbele, viwiko vimewekwa kwenye ukingo, akitazama jukwaa lililokuwa chini kama kisima chenye taa. Ndara za hariri. Leso nyekundu kiganjani. Baptistin alikuwa amevua koti lake mwenyewe akamwekea mabegani, akasimama hatua chache nyuma, asijue afanye nini na mikono yake.

"Msiniangalie kama maiti," alisema bila kugeuka. "Hapa ndipo nilipoona mchezo wa kwanza maishani, nimekalia paja la baba. Nilitaka kuona jukwaa linaonekanaje ukiwa huna kazi nalo. Linaonekana dogo."

"Mama," Rouvière alisema, "mkurugenzi hakukupa karnesheni. Alikupa mawaridi. Anasema bila wewe hana mchezo."

Akageuka. Macho yake yalipita kwa inspekta, yakafika kwa Honorine aliyekuwa akihema mlangoni ameshika ndoo ya maua kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa sababu ya Alhamisi."

Honorine akaitikia kwa kichwa.

"Punda wewe," Bi Castanier alisema. "Punda mkubwa! Ulitaka kuniepusha na aibu, ukanipa karnesheni? Ungenisukuma ngazini ningekushukuru zaidi!" Akasimama, koti likaanguka. "Unadhani sijui? Nilianza kujua kabla yako. Usiku nalala na maneno chini ya mto, asubuhi yameondoka. Nilidhani najua peke yangu. Karnesheni zilipokuja nikasema, basi, wote wamekwisha kuona, hata yule Mparisi asiyeona kitu kaona. Kumbe ni wewe. Kumbe ni mtu mmoja tu." Na hapo ndipo alipolia, kwa nguvu, kama wakati wa kitufe, na Baptistin akapumua kama aliyetuliwa mzigo.

Honorine aliweka ndoo chini. Walishikana wale wanawake wawili pale kwenye dawati la wasio na hela, mmoja akimtukana mwenziwe begani. Rouvière akatazama malaika wa darini kwa muda.

"Inspekta," Bi Castanier alisema mwishoni, akijifuta pua, "sheria inasemaje mtu akibadilisha maua?"

"Haisemi kitu, mama. Mawaridi yapo, na mwenyewe yupo. Mimi nina foleni ya keki niliyoiacha."

"Basi swali langu la pili ni kwa Marchadier. Mwiteni."

Mkurugenzi alipanda, skafu ikiburuta. Alipomwona alitaka kumkumbatia. Alizuiwa kwa kidole kimoja.

"Ghislain. Nasahau maneno. Kimya cha Alhamisi hakikuwa sanaa. Nilikuwa nimepotea."

Marchadier akaishika skafu yake. Masikio yake yakawa mekundu. "Kilikuwa kizuri sana," alisema kwa unyonge.

"Kule mbele ya jukwaa, katikati, kuna shimo. Tangu jumba lijengwe alikaa humo mtu wa kunong'oneza maneno, na waigizaji wakubwa kuliko mimi walimtegemea bila haya. Ulipokuja ukalipigilia mbao."

"Paris hakuna tena anaye—"

"Hapa si Paris. Baptistin, una nyundo?"

"Ninayo, Bi Castanier."

"Ng'oa mbao. Maneno yangu yote, ya miaka yote, ayajuaye ni mtu mmoja. Ameyasikia akiwa pembeni na nguo mkononi, tena ananisahihisha ninapooga."

Honorine akarudi nyuma. "Mimi? Mbele ya madiwani?"

"Hawatakuona. Wataona tu ile kofia ya mbao inayofunika shimo upande wao. Utakuwa unanitazama mimi." Akamshika kidevu. "Umenihurumia vya kutosha, Honorine. Sasa nisaidie."

Marchadier aliangalia chini, kwenye jukwaa, kisha saa yake. "Ng'oa," alimwambia Baptistin. "Zote."

Saa tisa ilipokaribia, jumba lilikuwa limejaa hadi peponi. Habari ya damu ilikuwa imetoka kwenye foleni ya keki ikaenea mji mzima, na hata waliokuwa hawana mpango wa kuja walikuja kuona kama Bi Castanier yu hai. Rouvière alisimama pembeni mwa jukwaa, karibu na Ludivine, ambaye sasa alikuwa na rangi ya binadamu na kipande cha mkate mkononi. Baptistin akachukua rungu lake lililofungwa mahameli, akagonga sakafu haraka haraka, kisha akanyamaza, kisha akapiga mapigo matatu ya polepole, ishara ya mchezo kuanza. Kelele za ukumbini zikazimika. Pazia likapanda.

Alikuja na gauni lenye ukosi mpya, mkono mmoja ndani ya glavu kuficha bandeji. Makofi yalimfikia kabla hajasema neno. Sehemu ya kwanza ilipita kama maji. Watu walicheka palipostahili, na diwani mnene wa kiti cha mbele alicheka hata pasipostahili.

Katika sehemu ya pili yakaja maneno yale marefu. Alianza vizuri. Katikati, akasimama.

Rouvière aliona mabega yake yakikakamaa. Ludivine akaacha kutafuna. Ukumbi mzima ulinyamaza, na mle ndani ya kimya kile diwani mnene aliegemea mbele. Bi Castanier aligeuza kichwa polepole, akatembea hadi ukingoni mwa jukwaa, akainamisha macho kwenye kofia ya mbao kama mtu anayetazama kaburi. Kutoka pembeni Rouvière hakusikia chochote. Aliona tu midomo ya Honorine, ndani ya shimo, ikitikisika mara moja.

Bi Castanier akainua uso, akauendeleza mstari ule kutoka pale pale ulipokatika, kwa sauti iliyofika peponi bila kupanda. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Diwani mnene akatoa leso. Marchadier, nyuma ya Rouvière, alinong'ona, "Kimya kile..." na Ludivine akamkanyaga mguu.

Ilitokea tena mara mbili kabla ya mwisho. Hakuna aliyejua isipokuwa wao.

Pazia liliposhuka na kupanda, watu walikuwa wamesimama. Diwani mnene alikuwa akimwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika hadi jukwaani kwamba kesho atakayetaja neno sinema atamjua yeye ni nani. Bi Castanier aliinama mara moja, akainama ya pili. Kisha akaenda mbele, akapiga magoti na gauni lake lote, akanyoosha mkono ndani ya shimo.

Alitoka Honorine, vumbi la miaka miwili nywelani, pini zimejaa kifuani, akipepesa macho kwa mwanga. Watu walipunguza makofi, wakitazamana, wasijue huyu ni nani. Yeye mwenyewe alisimama wima kama nguzo, mikono imening'inia. Miaka yote ile alikuwa amewaona wengine wakishangiliwa. Hakuwahi kuwaza jinsi ya kufanya.

Bi Castanier akamsogelea sikioni, akanong'ona, "Inama."

Honorine akainama.